Kununua IST na kuishi nayo mjini: mwongozo kwa mwenye gari la kwanza

Wengi wanaonunua gari dogo la kwanza hupiga hesabu ya bei tu, wakasahau miezi mitatu ya mwanzo. Hiyo ndiyo miezi ambayo gari lililotumika hudai kila kitu kwa mpigo: matairi, oili, bushi, betri, bima. Mtu kachanga kwa miaka, kammalizia muuzaji akiba yote, na haupiti mwezi gari limeegeshwa uani kwa kukosa hela ya rejeta. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa nautoa mapema: ukiwa na milioni kumi, tafuta gari la milioni saba na nusu au nane. Kinachobaki si chenji yako, ni cha gari hilohilo.

Nazungumzia Toyota IST kwa sababu ndiyo iliyojaa Dar es Salaam kuanzia Mbagala hadi Bunju, spea zake zipo kila kona, na fundi yeyote mwenye gereji ameshaifungua. Anayetafuta Vitz, Passo au Honda Fit atakuta mengi humu yanamhusu.

Hatua ya 1: Jua ni IST ipi unayoitaka

Kuna matoleo mawili. La kwanza lilitengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, na namba ya chasisi ndiyo inayokueleza ukweli wake: NCP60 ina injini ya cc 1,298, NCP61 ina cc 1,496, na NCP65 ni ile ya cc 1,496 inayovuta matairi yote manne. Toleo la pili lilianza 2007 likaendelea hadi 2016. Humo utakutana zaidi na NCP110 ya cc 1,496, na mara chache ZSP110 ya cc 1,800.

Toleo la kwanza lina giaboksi ya otomatiki ya kawaida yenye gia nne. NCP110 ina CVT, ambayo haina gia za kuhama; ni laini barabarani, inabana mafuta, lakini haivumilii uzembe wa oili hata kidogo. Kwa mtu wa mshahara wa kawaida anayetaka gari la kwenda kazini na sokoni, mimi nachagua toleo la kwanza lililotunzwa kuliko toleo la pili lenye CVT isiyojulikana imepita mikononi mwa nani. Ndani ya toleo la kwanza, cc 1,298 inatosha mjini. Kama kila Desemba unapanda Lushoto au Iringa na familia na mabegi, chukua NCP61, maana kwenye mlima ile ndogo italia sana.

Jambo jema kwa injini hizi zote ni kwamba zinatumia cheni ya taimingi, si mkanda. Hakuna ile gharama ya kubadilisha mkanda kila baada ya kilomita kadhaa. Ila cheni hiyo inalainishwa na oili ya injini, na oili ikichakaa au kupungua, cheni ndiyo ya kwanza kupiga kelele.

Halafu kuna suala la namba. Mjini watu wananunua herufi: "ni namba D hiyo", "ni namba E". Herufi inaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, basi. Gari la 2003 lililoshushwa bandarini juzi litakuwa na namba mpya kuliko la 2005 lililofika zamani. Na gari la namba C lililokuwa la mwalimu anayekwenda kazini na kurudi linaweza kuwa zima kuliko la namba E lililokesha barabarani kwenye teksi za mtandaoni. Tumia herufi kukadiria miaka ambayo gari limekula vumbi na matuta yetu, usiitumie kupima afya yake.

Ukitaka kuagiza mwenyewe kutoka Japani, fungua kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato (TRA) cha magari yaliyotumika kabla hujatuma hata shilingi. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, VAT asilimia 18, gari la zaidi ya cc 1,000 hadi 2,000 linaongezwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, na lenye umri wa zaidi ya miaka 10 linatozwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30. Viwango hubadilika kwenye bajeti ya Juni, ndiyo maana nasema kikokotoo kwanza. Usishangae kodi ikizidi bei ya gari lenyewe. Omba pia karatasi ya mnada ya Kijapani: ikiwa na daraja la R au RA, gari hilo limewahi kugongwa na kutengenezwa.

Hatua ya 2: Likague likiwa la baridi

Mwambie muuzaji mapema kwamba utafika asubuhi na hutaki gari liwashwe kabla yako. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Kama kuna joto, uliza kwa nini. Injini iliyoamka tayari inaficha mengi.

Fungua kifuniko cha kujazia oili uangalie upande wake wa ndani. Rangi ya asali au kahawia ni kawaida. Ukikuta utando wa rangi ya maziwa, maji yanaweza kuwa yanachanganyika na oili, aga uondoke. Chomoa kijiti cha kupimia oili, kifute, kirudishe, kichomoe tena. Kiwango kikiwa chini kabisa kwa gari linalouzwa, ujue mwenyewe hakuwa na mazoea ya kuangalia. Kisha fungua rejeta, ikiwa bado ya baridi, uchungulie. Kutu ya rangi ya matofali ina maana gari limenyweshwa maji ya bomba au ya kisima kwa miaka.

Sasa mwombe awashe, wewe ukiwa umesimama nyuma kwenye ekzosi. Moshi mweupe mwepesi unaopotea ni mvuke. Wa bluu ni oili inayoungua, na injini za familia ya NZ (hizi za cc 1,298 na 1,496) zilizochoka zina tabia hiyo. Wakati huohuo sikiliza: cheni iliyolegea hugonga sekunde chache za mwanzo.

Ingia ndani. Kanyaga breki, weka D, rudisha N, weka R. Gari likishtuka na kugonga, mauntini za injini zimekufa. Hiyo ni gharama ya kawaida, ipunguze kwenye bei. Likichelewa kushika gia kwa sekunde mbili au tatu, hilo ni la giaboksi, na hapo bei yoyote ni kubwa. Zungusha usukani mpaka mwisho na uzunguke taratibu kwenye uwanja: mlio wa taka-taka-taka kutoka gurudumu la mbele ni CV jointi (kiungo cha ekseli kwenye gurudumu) iliyoisha. Pita juu ya tuta bila kupunguza mwendo sana, usikilize bushi na linki za stabilaiza.

Mkirudi injini ikiwa ya moto, pima oili ya giaboksi kwa kijiti chake huku injini inanguruma. Inuse. Nzuri ni nyekundu na haina harufu kali; mbovu ni nyeusi na inanuka kuungua.

Mwisho nenda kwenye buti. Inua zulia, toa tairi la akiba, papasa kile kishimo kwa vidole. Kutu, chapa za kuchomelea au rangi isiyofanana zinaonyesha gari liligongwa nyuma. Tope kavu lililonasa kwenye kona, au chini ya zulia la mbele na kwenye reli za viti, ni dalili ya gari lililokaa kwenye maji ya mafuriko. Dar kila msimu wa mvua kuna magari yanazama, na yanauzwa yakiwa yameoshwa vizuri. Gari la mafuriko usilinunue kwa bei yoyote ile. Waya zake zitakusumbua mpaka utakapoliuza.

Kilomita za dashibodi usiziamini peke yake. Zilinganishe na mpira wa pedali ya breki, kiti cha dereva na usukani. Gari linalosema kilomita elfu sabini huku pedali imelika hadi chuma linakueleza jambo jingine.

Hatua ya 3: Karatasi kabla ya pesa

Linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bodi na ile ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Jina kwenye kadi liwe la mtu aliyesimama mbele yako na kitambulisho chake. Akisema gari ni la shemeji yake, msubirini shemeji. Angalia madeni ya faini kwenye mfumo wa Polisi wa usalama barabarani kwa kutumia namba ya gari, na madeni ya maegesho, ambayo hujikusanya kimyakimya na kumfuata mmiliki mpya. Andikishaneni mkataba kwa mwanasheria, lipa kwa benki, na uanze kuhamisha umiliki TRA wiki hiyohiyo.

Bima ni lazima. Ile ndogo inamlipa mtu utakayemgonga, wewe haikulipi kitu. Kwa gari ulilolichangia kwa jasho na huna akiba ya kununua jingine, kata bima kubwa angalau mwaka wa kwanza, ambao ndio mwaka wa kujifunza foleni. Hakiki stika yako kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa sababu bima feki zipo. Leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa 2017 na kuingizwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo akitokea mtu kukudai hiyo, usilipe.

Hatua ya 4: Matengenezo ya kwanza, bila kusubiri

Chukulia kwamba hakuna kilichowahi kubadilishwa, hata kama muuzaji ameapa. Hapa ndipo ile pesa uliyobakiza inapofanya kazi.

Anza na oili ya injini. Injini hizi zina mfumo wa VVT-i, unaopanga muda wa valvu kufunguka, wenye njia nyembamba za oili, na zilitengenezwa kwa oili nyepesi, 5W-30. Fundi wengi watakupigia debe oili nzito, 20W-50 au "namba 40", wakisema nchi yetu ni ya joto. Wakatalie. Oili nzito inachelewa kufika juu asubuhi, na asubuhi ndipo injini inapolika zaidi. Kama injini imechoka na inapunguza oili kidogo, 10W-30 inakubalika. Injini inachukua takriban lita 3.7 pamoja na filta, kwa hiyo galoni moja ya lita 4 inatosha. Nunua mwenyewe duka unaloliamini, fungua mbele ya fundi, na uhakikishe filta imebadilishwa, si kufutwa. Rudia kila kilomita 5,000.

Pili, mfumo wa kupoza. Uliza swali moja: je, themostati (valvu inayodhibiti maji ya kupoza injini) ipo? Mjini kuna mazoea ya kuing'oa gari likichemsha mara moja, kisha halirudishiwi tena. Gari bila themostati halichemshi haraka, ni kweli, lakini injini haifikii joto lake la kazi, kompyuta inadhani bado ni asubuhi, inaendelea kumwaga mafuta. Watu wanazunguka mafundi wakilalamika IST yao inakula mafuta, kumbe tatizo ni kifaa kidogo kilichotupwa. Safisha rejeta, rudisha themostati nzima, weka kulanti. Maji ya kisima ya Dar yana chumvi. Yanakula rejeta kutoka ndani.

Tatu, giaboksi. Toleo la kwanza linatumia ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) aina ya T-IV. NCP110 inataka oili ya CVT, na usikubali kamwe fundi aweke ATF ya kawaida kwenye CVT kwa sababu "zote ni nyekundu". Kama ATF ya zamani ni nyeusi sana, badilisha kwa awamu, kumwaga kiasi kinachotoka na kujaza kipya, kisha kurudia baada ya wiki chache.

Baada ya hapo ni mambo ya haraka: plagi, filta ya hewa, filta ya AC nyuma ya kisanduku cha mbele cha abiria, oili ya breki, na kusafisha throto (mlango wa hewa ya injini). Throto chafu ndiyo inayofanya injini ipande na kushuka ukiwa umesimama kwenye taa za barabarani.

Hatua ya 5: Mafuta, matuta na mvua

Pima ulaji wa mafuta kwa tanki hadi tanki. Jaza mpaka bomba likate, sifurisha kihesabu safari, endesha wiki yako ya kawaida, jaza tena. Gawanya kilomita kwa lita ulizojaza mara ya pili. Kwenye foleni za Dar na AC ikiwa imewashwa, kilomita 10 hadi 12 kwa lita ni kawaida kwa IST yenye afya; kwenye barabara ya Morogoro bila haraka unaweza kufika 15 na zaidi. Ikishuka chini ya 9 bila sababu, anza na themostati, plagi, upepo wa matairi na breki zinazong'ang'ania. EWURA, mdhibiti wa nishati, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwa hiyo hesabu ya mafuta ya mwezi inapangika.

Usizoee kuendesha taa ya mafuta ikiwaka. Pampu imo ndani ya tanki na inapozwa na petroli hiyohiyo. Tanki likikauka kila siku, pampu inaungua.

IST ipo chini. Ukipakia watu watano na mzigo, matuta ya barabara za mitaani yataikwangua tumbo. Wengi huinua kwa spesa, vipande vinavyowekwa kwenye springi. Spesa ndogo haina shida kubwa, lakini kubwa inabadilisha pembe ya CV jointi, ambazo zitaisha kabla ya wakati, na gari linayumba kwenye kona. Kama unaishi ndani ndani kwenye barabara ya vumbi, springi imara na shokapu mpya ni pesa iliyotumika vizuri zaidi. Tuta pande moja kwa moja, gurudumu zote mbili pamoja, mguu ukiwa umeshaachia breki.

Mvua ikinyesha na barabara ya bonde la Jangwani imefungwa, subiri. Maji yakifikia nusu ya gurudumu, gari dogo linaweza kuvuta maji kupitia njia ya hewa, na injini iliyokunywa maji hupinda koni rodi papo hapo. Ikizimika ndani ya maji, usijaribu kuiwasha tena. Ivutwe.

Taa ya joto ikiwaka, au mshale ukipanda, egesha pembeni na uzime. Kifuniko cha rejeta kisiguswe mpaka kipoe kabisa, hata kama wapita njia wanakuharakisha.

Hatua ya 6: Matairi

Saizi sahihi na upepo unaotakiwa vimeandikwa kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva. Stika inatumia kPa. Gawanya kwa 6.9 upate psi. Pima kila wiki mbili asubuhi. Unaponunua, soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri lakini lina miaka kumi ni hatari kwenye lami ya moto ya kwenda Dodoma.

Hatua ya 7: Wezi, vifaa vya dharura na redio

Sadimira za IST huibwa sana, na taa pia. Chora namba ya gari kwenye vioo vya milango, sadimira na taa. Mafundi wa kuchora wapo kila kona na kifaa kilichochorwa hakiuziki kirahisi. Weka ndani mtungi wa kuzimia moto, pembetatu za kuakisi, jeki na spana ya magurudumu, na ujaribu jeki hiyo nyumbani kabla ya kuihitaji Chalinze usiku. Redio ya Kijapani inaishia FM 90, ndiyo maana stesheni nyingi huzipati. Kuna kifaa kidogo cha kupanua bendi, au ubadilishe redio yote.

Hatua ya 8: Fundi na spea

Tafuta fundi mmoja wa injini, mmoja wa umeme, na ubaki nao. Taa ya injini ikiwaka, gari lisomwe kwa mashine kwanza, kabla hujanunua chochote. Koili moja ya plagi ikifa gari linatetemeka kama linakata roho, na fundi asiyesoma mashine atakubadilishia vitu vitatu kabla ya kuifikia. Spea za Gerezani, Kariakoo, zipo za aina tatu: halisi mpya, nakala, na zilizotumika kutoka Japani. Kwa mauntini, rejeta na koili, mimi napendelea halisi iliyotumika kuliko nakala mpya. Kwa breki pedi, boljointi na taiirodi endi, nunua mpya na nzuri, kwa sababu hivyo vinashika maisha yako. Omba kifaa cha zamani urudi nacho. Fundi mwaminifu hatakasirika.

Weka daftari kwenye kisanduku cha mbele: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, risiti imebanwa. Siku ya kuuza, daftari hilo litakuongezea bei kuliko kupaka rangi. Na siku hiyo usimkabidhi mnunuzi kadi na ufunguo akakuahidi kuhamisha umiliki "wiki ijayo". Nendeni wote TRA kwanza, maana mpaka jina lako litoke kwenye mfumo, faini zake na maegesho yake vitaendelea kuandikwa kwako.